Kidonge chenye kamera kipo tangu 2001. Kwa nini bado tunamezeshwa mpira?

#1 Mzigua wa Handeni
Wakuu habari za jioni. Mama yangu, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, ana muda sasa ugali ukishuka unamkwama katikati ya kifua. Uji na mchuzi vinapita. Daktari kamwandikia endoskopi, ule mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Mama kagoma kabisa. Jirani yetu aliwahi kufanyiwa akarudi na hadithi za kutisha, basi mama hataki hata kusikia.

Katika kusomasoma nimekutana na kidonge chenye kamera. Unakimeza kwa maji, kinapiga picha njia nzima, kinatoka chooni. Marekani walikiruhusu mwaka 2001, kabla hata hizi simu janja hazijaenea. Sasa kama kipo miaka yote hiyo, kwa nini hospitali zetu bado zinang'ang'ania mpira? Na mama anaweza kukipata hapa nchini? Wenye utaalamu na wenye uzoefu karibuni.

#2 Chuma cha Pua
Jibu ni pesa, mkuu. Mpira unanunuliwa mara moja, wanapita nao watu maelfu na kila anayepita analipa. Kidonge ni cha mtu mmoja, kikitoka kimetoka. Nani ataacha mtambo ambao umeshalipiwa? Mengine yote utakayoambiwa humu ni mapambo.

#3 Nesi wa Kiomboi
Mleta mada, pole kwa mama. Hayo ya biashara yasubiri kwanza. Mama yako HAFAI kupewa kidonge, hata akipewa bure. Mtu anayekwamwa na chakula huenda njia yake imebana. Kidonge kile kina upana wa milimita 11 na urefu wa milimita 26. Kikifika pembamba kinakaa hapohapo, halafu kitafuatwa na mpira uleule anaoukimbia, au kwa kisu. Isitoshe, kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kinapita kwa sekunde chache tu. Kilitengenezwa kwa ajili ya utumbo mwembamba, ambako mpira wa kawaida haufiki.

Na picha peke yake haitoshi. Wakiona kidonda au uvimbe lazima wachukue kinyama kipelekwe maabara. Mpira una tundu linalopita ndani yake mwanzo hadi mwisho. Koleo jembamba linapenyezwa humo, linanyofoa kipande kidogo. Kidonge hakina uwezo huo.

Kuhusu hofu, mweleze mama hivi. Atakuja akiwa amefunga kula. Atapuliziwa ganzi kooni, ni chungu, na ulimi utakuwa mzito. Atalala ubavu wa kushoto, atang'ata kidude cha plastiki chenye tundu, na mate ayaache yatiririke nje asijaribu kuyameza. Kupumua atapumua, maana mpira unapita njia ya chakula, haupiti njia ya hewa. Ni dakika chache. Dawa ya usingizi kuna vituo wanatoa na vingine hawatoi, ulizeni mapema. Lakini chakula kukwama kwa umri huo si jambo la kuahirisha. Mpeleke wiki hii.

#4 Mtu wa Matrah
Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, na kaka yangu mkubwa alikimeza hicho kidonge. Alikuwa akipungukiwa na damu, anaongezwa, baada ya muda imeshuka tena. Mpira wa juu hawakuona kitu, wa chini hawakuona kitu. Ndipo wakampa kidonge. Wakamfunga mkanda kiunoni wenye chombo cha kurekodi, wakamwambia aende zake arudi jioni. Picha zinazotoka humo ni kama 50,000, na daktari lazima akae azipitie. Wakauona mshipa mdogo unavuja damu ndani ya utumbo mwembamba.

Sasa kuuona wameuona, kuuziba hawawezi kwa kidonge. Ikabidi afanyiwe kwa ule mpira mrefu wa maputo mawili aliobuni Mjapani Yamamoto, unaojivuta ndani ya utumbo kidogokidogo. Huo ndio uliouchoma ule mshipa. Kwa hiyo ndugu yangu wa #2, huku vidonge vipo na pesa ipo, na mpira haujaachwa.

#5 Msomaji wa Usiku
Uzi mzuri. Mleta mada anaona 2001 ni zamani, basi ajue watu wamehangaika na jambo hili miaka zaidi ya 200.

Mwaka 1806 daktari wa Frankfurt aitwaye Philipp Bozzini alitengeneza kifaa chenye mshumaa ndani na kioo cha kuurudisha mwanga, ili achungulie kibofu, puru na koo. Wakubwa wa kitivo cha tiba kule Vienna wakamkaripia kwa udadisi uliopitiliza. Akafariki 1809, kijana wa miaka 35, kwa homa iliyompata akihudumia wagonjwa. Mwaka 1853 Mfaransa Desormeaux akaleta taa ya spiriti na tapentaini. Mwaka 1868 Kussmaul wa Freiburg akataka kufika tumboni kwa bomba lililonyooka, la sentimita 47. Nani wa kujaribiwa? Akampata mtu wa maonyesho anayemeza panga! Bomba likashuka hadi tumboni, lakini mwanga wa wakati ule haukutosha kuona cha maana.

Schindler wa Munich, pamoja na fundi Georg Wolf, ndio waliopata bomba linalopinda kidogo upande wa mbele, 1932. Ukifuatilia utaona kikwazo miaka yote ni kilekile: mwanga ufikeje ndani, na chombo kipindeje bila kumwumiza mtu.

#6 Samurai wa Ilala
Umewaruka Wajapani mkuu. Daktari Uji wa Tokyo na wahandisi wa kampuni ya Olympus walitengeneza kamera ya kuingia tumboni mwaka 1950, maana saratani ya tumbo ilikuwa inawamaliza. Endoskopi ya leo ni ya Wajapani, hao wengine walikuwa wanachezea mishumaa.

#7 Msomaji wa Usiku
#6 kamera ya Uji ilikuwa kazi kubwa, lakini daktari alikuwa haoni anachokipiga. Chumba kinazimwa taa, anakisia kamera ilipo kwa kuangalia mwanga unavyopenya kwenye ngozi ya tumbo, anapiga, halafu anasubiri filamu isafishwe.

Kilichobadilisha mambo ni nyuzi za kioo. Hopkins na mwanafunzi wake Kapany, mzaliwa wa Punjab, walionyesha wakiwa London mwaka 1954 kwamba fungu la nyuzi nyembamba za kioo linaweza kubeba picha hata likiwa limepinda. Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Michigan, akalisoma hilo akaondoka nalo. Shida ikawa mwanga unavuja kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Mwanafunzi wa hapohapo, Larry Curtiss, akaufunika kila uzi kwa kioo cha aina nyingine mwishoni mwa 1956. Februari 1957 Hirschowitz akajipitishia chombo kooni mwake mwenyewe, kisha akamfanyia mgonjwa. Mpira wa mama yake mleta mada umetokana na hapo. Mwaka 1983 kampuni ya Welch Allyn ya Marekani wakaondoa nyuzi za picha wakaweka chipu ya kamera kwenye ncha, ndiyo maana leo daktari anatazama skrini.

#8 Samurai wa Ilala
Wewe unaangalia chombo, mimi naangalia matokeo. Nani alifundisha dunia kuitambua saratani ya tumbo ikiwa bado changa? Wajapani waliweka vigezo vyake mwaka 1962, kutokana na picha za kamera hiyohiyo unayosema ilikuwa inakisia. Sibanduki.

#9 Chuma cha Pua
Nyie wawili mkiachwa mtatufikisha kwenye safina ya Nuhu. Mwenzenu ana mgonjwa ndani. Na hakuna aliyejibu hoja yangu: kama mpira ni mzuri hivyo, kwa nini mtu wa wilayani anaufuata mkoani au Dar? Ni pesa!

#10 Fundi Vifaa
Niko kwenye kitengo cha ufundi wa vifaa tiba, hospitali siitaji. #2 na #9, mpira haununuliwi mara moja. Kila mgonjwa akimaliza, kabla uchafu haujakauka, mpira unafutwa palepale kitandani kwa kitambaa chenye sabuni na unanyonyeshwa maji kupitia tundu lake. Ukifika chumba cha kuoshea unajazwa upepo na kuzamishwa kwenye maji kabla ya kitu kingine chochote. Unaupinda ncha huku na huku ukitazama. Mapovu yakitoka mfululizo sehemu moja, umetoboka, acha hapohapo. Mtu akipuuza akaendelea kuosha, maji yanafika kwenye nyaya na chipu. Siku ya kwanza picha inakuwa na ukungu. Baadaye inakuwa giza.

Usipotoboka unapitishwa brashi ndefu kwenye tundu, mpaka brashi itoke safi. Kisha dawa ya kuua vijidudu kwa muda uliopangwa, kisha kusuuza, kisha kupuliza hewa mpaka ndani pakauke, kisha unaning'inizwa wima kabatini. Ukihifadhiwa na unyevu ndani umefuga bakteria.

Nimepokea mpira uliong'atwa, kile kidude cha mdomoni kilichomoka mgonjwa akabana meno. Ngozi ya sehemu inayopinda ilikatika. Kipuri ni cha kuagiza nje, na hapa hapakuwa na mtu aliyefundishwa kuifunga upya. Mpira ulilala kabatini muda mrefu sana huku wagonjwa wakipewa rufaa. Pesa ya kununua ilikuwepo. Kilichokosekana ni bajeti ya matengenezo na mtu wa kuyafanya. Mkitaka kujua kwa nini wilayani hakuna, anzieni hapo.

#11 Wa Bomet
Hamjambo wadau, mimi ni jirani yenu wa Kenya. Fundi #10 amesema kweli, lakini mkumbuke pia watu. Sisi huku South Rift saratani ya umio imetumaliza, na wagonjwa wengi hufika wakiwa hawawezi kumeza hata mate. Hospitali ya Tenwek pale Bomet imewawekea mamia ya wagonjwa wa aina hiyo stenti, yaani mrija wa waya za chuma ambao huingizwa ukiwa umebanwa, halafu hujifungua wenyewe ndani ya umio na kuacha njia wazi. Wao huiweka kwa endoskopi bila kutegemea mashine ya eksirei. Ni hospitali ya misheni kijijini. Wamewezaje? Waliamua kufundisha watu na kazi hiyo kufanywa kila wiki, si mara moja moja.

Shangazi yangu aliwekewa. Haikumponya, maana ugonjwa ulikuwa umeenda mbali. Lakini alikula na sisi mezani hadi karibu na mwisho wake, na hilo sisi hatulisahau. Mzigua, mpeleke mama upesi, usingoje afikie hapo.

#12 Mpenda Chai
Wa Bomet pole sana kwa shangazi. Ni kweli chai ya moto ndiyo inaleta huo ugonjwa? Maana nyumbani kwetu chai isiyounguza ulimi inarudishwa jikoni.

#13 Nesi wa Kiomboi
#12 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Tatizo ni moto, chai yenyewe haina kosa. Iache ipoe kidogo ndipo unywe. Sigara na pombe ndivyo vinavyojulikana zaidi.

#14 Wa Bomet
Huku kwetu pia wametaja mursik, yaani maziwa yetu ya kugandisha, kwa vile walipima wakakuta ndani yake asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani. Wengine wanataja meno na usafi wa kinywa, wengine moshi wa jikoni, wengine kurithi. Mimi nimezika vijana wa miaka thelathini wasiokunywa pombe wala kuvuta. Kwa hiyo mtu akiniambia ni chai tu, simwamini.

#15 Mtoto wa Kirumba
Mwanza tuna sababu nyingine ya kumeza mpira, kichocho. Mjomba ni mvuvi, amekulia majini. Siku moja alitapika damu beseni zima. Kumbe mayai ya kichocho cha tumbo yameziba mishipa ndani ya ini miaka na miaka, damu ikatafuta njia nyingine, mishipa ya umio ikavimba mpaka ukapasuka mmoja. Walimpitisha mpira, wakaunyonya ule mshipa ndani ya kikombe kidogo kilicho nchani, wakauvalisha raba ukabanwa. Amerudia mara kadhaa mpaka ikasinyaa yote.

Kwa hiyo #9, mjomba angesubiri kidonge leo tungekuwa tunamfanyia arobaini. Lakini na mimi nina langu: dawa ya kichocho angepewa mapema, asingehitaji mpira wala kidonge. Tunajadili mashine, ziwa tumelisahau.

#16 Mzigua wa Handeni
Mrejesho kwa ufupi. Mama amekubali, aliyemlegeza ni Nesi, nilimsomea post #3 neno kwa neno. Amefanyiwa jana. Alikabwa kidogo mwanzoni, machozi yakamtoka, basi. Wameona sehemu imebana, wamechukua vinyama kadhaa, tunasubiri majibu ya maabara. Daktari hakutaka kusema zaidi. Ahsanteni wote, tuombeeni.

#17 Jirani wa Elgon
Mungu amsimamie mama. Mimi niko mashariki ya Uganda, niongeze kitu ambacho wengi hawakijui. Mnazungumza kana kwamba teknolojia hii inatoka Ulaya na Japani tu inakuja kwetu. Pale Mbale, hospitali ya watoto ya CURE, daktari Mmarekani Benjamin Warf aliwakuta watoto wengi wenye vichwa vikubwa vya maji, zaidi ya nusu yao kutokana na maambukizi ya utotoni. Kawaida huwekwa mrija wa kutoa maji kichwani kwenda tumboni, lakini mrija ukiziba na mtoto yuko kijijini, anakufa kabla hajafika hospitali. Yeye akaingia na kamera inayopinda ndani ya ubongo, akatoboa njia ya maji kupita, na papo hapo akachoma sehemu ya tishu inayotengeneza maji hayo. Hakuna mrija unaobaki.

Utafiti wa watoto 100 uliofanyika Uganda na kuchapishwa 2017 ulionyesha kuwa baada ya miezi 12 ukuaji wa akili wa waliofanyiwa hivyo haukutofautiana na wa waliowekewa mrija. Njia hiyo sasa inatumika hadi Marekani. Ilizaliwa kwa sababu ya shida yetu.

#18 Chuma cha Pua
Mzigua, mama atapona inshaallah. #17 hiyo nimeipenda, ila si unaona? Hospitali ya wahisani. #11 hospitali ya misheni. Za serikali ziko wapi? Narudi palepale, pesa.

#19 Wa Bomet
Hospitali za serikali pia zinafanya, wacha kuzidharau. Muhimbili kwenu, Kenyatta kwetu. Swali ni foleni.

#20 Kijana wa Kodi
Hiyo foleni dawa yake ni akili unde (AI). Marekani waliruhusu mwaka 2021 programu inayoangalia video ya utumbo mpana pamoja na daktari, ikiona polipu, yaani kiuvimbe kwenye ukuta wa utumbo, inaizungushia mstari kwenye skrini. Wachina nao wana kidonge kinachoongozwa kwa sumaku kutoka nje, kinageuzwa ndani ya tumbo daktari anavyotaka. Unganisha hivyo viwili: nesi wa kituo cha afya anampa mgonjwa kidonge, kompyuta inasoma zile picha 50,000 za #4 usiku kucha, asubuhi majibu. Miaka 10 ijayo mpira utakuwa wa matibabu tu, kuchunguza kutafanywa na mashine.

#21 Msomaji wa Usiku
#20 taratibu. Mwaka 2025 ilichapishwa kazi ya vituo 4 vya Poland. Waliwaangalia madaktari wazoefu kabla na baada ya kuletewa hiyo akili unde. Katika vipimo walivyofanya BILA programu, kiwango cha kukuta polipu zile hatari kilishuka kutoka asilimia 28 hadi 22 baada ya kuizoea. Jicho limeshaanza kusubiri kuonyeshwa. Sasa hebu iwaze nchi ambayo umeme unakatika na leseni ya programu inaisha.

#22 Kijana wa Kodi
Huo utafiti ni wa kuangalia tu, hawakugawa watu kwa bahati nasibu. Idadi ya wagonjwa kwa kila daktari nayo iliongezeka kipindi hicho, huenda ni uchovu. Na sisi hatuna madaktari wa kusahau ujuzi, hatuna madaktari kabisa. Nesi mwenye programu ni bora kuliko chumba kilichofungwa kwa kufuli.

#23 Nesi wa Kiomboi
Nesi huyohuyo mnayemsemea hapo juu ni mimi. Kompyuta ikiniambia kuna saratani nitampeleka wapi mgonjwa? Kinyama kitasomwa na nani, mtaalamu wa patholojia yuko mkoa gani? Mzigua hapo juu anasubiri maabara, hasubiri picha. Picha ameshapata siku ileile.

#24 Samurai wa Ilala
Mmesahau mipira ya kutumia mara moja na kutupa. Ipo tayari, ya mapafu ilianza 2009. Inaondoa habari yote ya Fundi ya mapovu na brashi. Hata Marekani walikuwa na vifo kutokana na mipira ya kuchungulia mrija wa nyongo isiyosafishika vizuri, mpaka mamlaka yao mwaka 2015 ikatoa onyo, na 2019 ikashauri hospitali zihamie kwenye yenye ncha za kutupa.

#25 Fundi Vifaa
Nimeisoma hiyo, na ndiyo maana nasisitiza kuosha. Wale walikuwa wanafuata maelekezo yote ya kiwanda na bado bakteria walibaki, kwa sababu ule mpira una kijiwiko kidogo nchani chenye vipembe visivyofikiwa na brashi. Ni kosa la ubunifu, si uzembe wa waoshaji. Mpira wa kawaida wa tumbo hauna hicho kijiwiko.

Lakini kutupa? Kila mgonjwa mmoja, mpira mmoja mzima wenye chipu na nyaya ndani? Tanuru la kuchomea taka la hospitali yetu linazidiwa na sindano na glavu. Na siku kontena likichelewa bandarini, huduma imesimama, wakati mpira wa kuoshwa ningeendelea nao.

#26 Chuma cha Pua
Fundi, ukiugua wewe utachagua upi, uliopita kwa watu mia tano au mpya kwenye pakiti?

#27 Fundi Vifaa
Uliopita kwa mia tano, nikiwa namjua aliyeuosha.

#28 Mtoto wa Kirumba
Na wagonjwa je, wanamjua? Waweke mlangoni kitabu cha kumbukumbu za kuosha, kila mpira na namba yake, saa na sahihi. Mjomba hakuonyeshwa hata siku moja.